Mtoto Wako Ana Upungufu wa G6PD? Mwongozo Kamili Kuanzia Mimba Hadi Ukubwani

Siku ya pili baada ya kujifungua mwanangu wa kwanza wageni walikuwa wanaingia na kutoka nyumbani kwetu Tanga, na kila akimfunua mtoto mtu anasema jamani huyu mweupe hivi kachukua kwa nani, na mi nacheka tu, nimechoka, nimefurahi, sijui lolote. Usiku wa siku ya tatu akaacha kunyonya. Nikimweka kwenye ziwa analegea, kichwa kinaanguka pembeni, analala. Mama mkwe wangu, Mungu amjaalie, ndo alimbeba akampeleka kwenye mwanga wa taa akamfungua mdomo na kidole, akaniambia mwanangu huyu sio mweupe, huyu ni wa njano, vaa twende.

Alikaa chini ya zile taa za bluu siku sita. Daktari alituuliza maswali mengi lakini kuna moja halijawahi kunitoka kichwani, alituuliza: "Nguo anazovaa mtoto zilikuwa zimewekwa wapi?" Zilikuwa kwenye sanduku la bibi yake, zimetunzwa vizuri tangu mtoto wa mwisho wa wifi yangu, zimekunjwa na vile vidonge vyeupe vya nepthalini vya kuzuia nondo ndani. Mapenzi matupu yale, na ndo yalitaka kumuua.

Naandika haya kwa mama na baba yeyote aliyeambiwa mtoto ana upungufu wa G6PD na akarudi nyumbani na kikaratasi tu, na pia kwa ambaye hajaambiwa ila ukoo wake una hii kitu bila kujua. Mi sio daktari, ni mzazi niliyeisoma na kuulizia kwa miaka. Hapa hakuna kitu cha kukufanya usiende hospitali, kuna vitu vya kukufanya uende mapema na ukifika ujue cha kusema.

KWANZA UJUE NI KITU GANI

G6PD ni kimeng'enya, yaani ile protini inayofanya kazi ya kemia ndani ya mwili. Jina lake refu ni glukosi-6-fosfeti dihaidrojenesi, na hilo neno glukosi ndo linachanganya watu wote. Nimeshakutana na mama aliyemnyima mtoto sukari kwenye uji mwaka mzima akidhani ni kisukari cha watoto. Sio kisukari. Mtoto anakula sukari, wanga, matunda, kila kitu kama wenzie.

Kazi yenyewe iko hivi. Sukari ikiingia kwenye seli, nyingi yake inaenda kuchomwa ili ipatikane nguvu, lakini kidogo yake inachepushwa njia ya pembeni, na G6PD ndo anafungua geti la hiyo njia. Kinachotoka huko sio nguvu, ni kitu kinaitwa NADPH, ambacho kinasaidia kuzuia seli isipate kutu. Nasema kutu makusudi, maana ni kitu kilekile kwa kemia yake, oksijeni inakula chuma cha meli na oksijeni hiyohiyo inakula seli. Sasa fikiria chembe nyekundu ya damu, kazi yake kutwa kucha ni kubeba oksijeni, kama jahazi lisilotoka majini hata siku moja, alafu haina kiini wala zile mashine nyingine ambazo seli zingine zinazo za kutengeneza hiyo kinga. Inategemea G6PD peke yake. Kimeng'enya kikiwa kidogo au kibovu, siku za kawaida chembe inahimili vizuri tu na mtoto ana afya yake, anacheza, anakimbia. Shida inakuja siku kikiingia kitu kinachoongeza kutu ghafla, dawa fulani, kemikali fulani, homa kali, hapo chembe zinapasuka kwa wingi kwa wakati mmoja. Damu inapungua, njano inapanda, mkojo unakuwa mweusi.

Kwahiyo sio ugonjwa unaoutibu ukapona, na hakuna dawa ya kuuondoa. Ni hali unayozaliwa nayo na unaishi nayo mpaka uzeeni bila shida, mradi ujue nini usikiguse.

Duniani wanakadiria watu zaidi ya milioni 400 wana hali hii, na haikutokea huku kwetu kwa bahati mbaya. Imezoeleka pale palipokuwa na malaria tangu enzi, kwasababu kimelea cha malaria kinapata tabu kustawi ndani ya chembe yenye upungufu huu. Utafiti uliofanyika Kenya na Gambia na kutoka mwaka 1995 ulionyesha wenye upungufu wana hatari ndogo zaidi ya kupata malaria kali, karibu nusu ya ile ya wengine. Ndo maana pwani na kanda ya Ziwa ipo sana kuliko nyanda za juu kwenye baridi. Ila isikudanganye, mtoto mwenye upungufu anaumwa malaria vilevile, chandarua hakiondoki kitandani.

Kuna aina nyingi. Ya kwetu Waafrika wengi inaitwa A minus, inabakiza kimeng'enya kiasi, na chembe changa zinakuwa na cha kutosha, zinazopasuka ni zile zilizozeeka. Aina ya Mediterania, ambayo ipo sana Uarabuni, ni kali zaidi, kimeng'enya kinakuwa chini ya asilimia 10. Nalisema hili kwa ndugu zetu wa Omani na wenye damu iliyochanganyika huko, maana Omani karibu robo ya wavulana wana upungufu, na kwa aina ile shambulio moja linaweza kumaliza damu kwa siku mbili.

HATUA YA 1: KAA NA WAZEE UCHORE UKOO

Fanya hii ukiwa bado na mimba kama inawezekana. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja tu, anayopewa na mama yake, kwahiyo ikiwa na hitilafu hana ya akiba, ana upungufu kamili. Mwanamke ana mbili, moja ikiwa mbovu nyingine inasaidia. Maana yake ni kwamba mama anayebeba, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata, na kila binti nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji kama yeye. Baba mwenye upungufu hampi mtoto wake wa kiume hata mmoja, ila binti zake wote wanabeba.

Kwahiyo usianze na upande wa baba kama mabaraza yetu yanavyopenda. Anza na wajomba. Muulize mama yako na bibi yako mzaa mama, kuna kaka yenu aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kunywa dawa? Kuna mtoto wa kiume aliyezaliwa akawa wa njano akafa ndani ya wiki, au akapona lakini shingo haikukaza na kusikia hasikii? Wazee wetu watakwambia alipata degedege, au alirogwa, au jicho. Wasikilize bila kubishana, wewe chukua tu dalili. Mimi kwa kuuliza hivyo nilipata wajomba wawili.

Ukishapata hata mmoja, mwambie nesi wa kliniki na aandike kwenye kadi yako: ukoo una historia ya njano ya watoto wachanga, apimwe G6PD akizaliwa. Hayo maneno machache kwenye kadi yanabadilisha jinsi utakavyohudumiwa siku ya kujifungua.

HATUA YA 2: SAFISHA SANDUKU KABLA MTOTO HAJAZALIWA

Hapa nitakaa kidogo maana ndo palipotuumiza.

Nepthalini ni vile vipira vyeupe vyenye harufu kali watu wanaweka kabatini nondo wasile nguo, wengine wanaviweka kwenye sinki la choo au pembezoni mwa nyumba kufukuza mende. Vinayeyuka vyenyewe hewani bila kuwa maji, ule mvuke unaingia kwenye uzi wa nguo na unakaa. Mtoto akivalishwa anaingiziwa kwa pua na kwa ngozi. Na hiki hapa ndo watu wengi hawajui, nepthalini inapenda mafuta, inayeyuka kwenye mafuta, sasa sisi mtoto akitoka kuogeshwa tunampaka mafuta ya nazi mwili mzima mpaka anang'aa alafu tunamfunga kwenye kanga iliyotoka kwenye sanduku. Yale mafuta yanaivuta ile sumu iingie haraka zaidi kwenye ngozi.

Cha kufanya: tafuta nguo zote, kanga, shuka, blanketi, chandarua na nepi za kitambaa zinazoandaliwa kwa mtoto, zinuse moja moja. Ukisikia ile harufu, hata kwa mbali, hiyo nguo isimguse mtoto. Unaweza kuifua mara kadhaa na kuianika juani na kwenye upepo siku nyingi, lakini ushauri wangu kama una uwezo ni kuiacha tu, nunua mitumba michache mipya ufue, au omba kwa mtu ambaye hatumii vidonge. Blanketi zito ndo gumu zaidi, linanyonya harufu haliachii. Alafu toa vidonge nyumba nzima, sio chumba cha mtoto tu, na chooni pia, na usiseme nitaviweka juu mbali, mvuke hauko mbali. Kuzuia wadudu tumia karafuu au majani ya mwarobaini yaliyokauka kwenye mfuko wa kitambaa.

Na uongee na bibi mapema, kwa adabu. Anayeleta nguo za sanduku analeta mapenzi yake. Mi mimba ya pili nilimwambia mama mkwe, mama nisaidie tuzianike pamoja hizi, tukakaa kwenye jamvi uani tunanusa shuka moja baada ya nyingine, na kila aliyokuwa na wasiwasi nayo aliitupa upande wa pili mwenyewe.

Kitu cha pili ni hina. Kwetu pwani, na Omani ndo zaidi, kuna wanaompaka mtoto hina miguuni au kitovuni. Kwenye hina kuna kemikali inaitwa lawsoni, inapita kwenye ngozi laini ya mtoto, na hospitali za nchi za Ghuba zimeshapokea watoto wenye upungufu walioishiwa damu baada ya kupakwa. Mtoto mchanga asipakwe hina kabisa, mpaka ajulikane hana upungufu, na akijulikana anao ndo asipakwe milele. Mama unaweza kupaka yako kama we mwenyewe huna upungufu, ila ikauke na uoshe kabla hujamshika.

HATUA YA 3: WIKI YA KWANZA, MACHO YASITOKE KWA MTOTO

Watoto wengi wanazaliwa na kupata njano kidogo kati ya siku ya pili na ya tano, na inaisha yenyewe. Hatari ya mwenye upungufu ni kwamba ya kwake inaweza kupanda kwa kasi ya ajabu, asubuhi kidogo, usiku iko juu kabisa. Ile rangi inatokana na bilirubini, takataka ya chembe zilizopasuka, na ikizidi inaingia kwenye ubongo. Ikishaingia na kuharibu hairudi nyuma, mtoto anabaki kiziwi au na mtindio wa ubongo, au anafariki.

Sisi watoto wetu ni weusi kwahiyo usiangalie ngozi juu juu kama kwenye picha za vitabu. Mara mbili kwa siku, mpeleke dirishani au mlangoni kwenye mwanga wa mchana, sio taa ya njano ya chumbani. Bonyeza kwa kidole kwenye paji la uso au ncha ya pua, achia, angalia ile sekunde moja kabla damu haijarudi: pakionekana pa njano ndo yenyewe. Alafu kifuani, alafu tumboni, alafu magotini. Fungua mdomo uangalie fizi. Angalia weupe wa macho. Mwisho viganja na nyayo. Njano inaanzia kichwani inashuka, kwahiyo ikifika kwenye nyayo ujue iko juu sana.

Nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku usiku, kama: njano imeonekana ndani ya masaa 24 ya kuzaliwa, imefika viganjani au kwenye nyayo, mtoto hanyonyi, analala hadi haamki kunyonya, analegea, analia sauti nyembamba kali isiyo ya kawaida, au anajikunja mgongo kwenda nyuma kama upinde. Hizo mbili za mwisho ni ubongo unaungua. Usisubiri kupambazuke.

Suala la jua. Kila mtu atakwambia muoteshe jua la asubuhi. Kuna ukweli ndani yake, mwanga wa bluu ndo unaovunja bilirubini na jua linao, na Nigeria walifanya utafiti, mwaka 2015 wakatoa matokeo, walitumia jua lililochujwa kwa karatasi maalumu za kuzuia miale mibaya, mtoto anapimwa joto muda wote na wauguzi wako pale, na ilifanya kazi. Lakini hicho sio kile cha dakika kumi kwenye kibaraza mtoto kavaa soksi na kofia. Jua la kibarazani halijawahi kushusha bilirubini ya mtoto mwenye G6PD anayepanda, linakula tu masaa ambayo angekuwa chini ya taa. Maji ya glukosi vilevile, usimpe, yanajaza tumbo na kuzuia kunyonya, na kunyonya ndo kunatoa bilirubini kwa njia ya choo. Mnyonyeshe mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku.

Ikifikia hatua ya kubadilishiwa damu yote na ndugu wakaitwa kuchangia, kumbuka ule ukoo uliouchora. Mjomba wa mtoto anaweza kuwa na upungufu uleule bila kujua, na damu yake haitamsaidia mtoto, itapasuka tena. Waambie wahudumu kabla hajatolewa.

HATUA YA 4: KUPIMA, NA MUDA WA KUPIMA

Kuna kipimo cha kuangalia tu ndiyo au hapana, tone la damu kwenye karatasi linawekwa chini ya taa maalumu, likiwaka kimeng'enya kipo, lisipowaka hakuna. Na kuna kinachotoa namba kamili, siku hizi kuna hadi mashine ndogo za mkononi. Kwa mvulana chochote kati ya hivyo kinatosha. Kwa msichana omba cha namba. Msichana mbebaji damu yake ni kama gunia la mchele uliochanganywa, punje nzima na za kuvunjika, kwasababu kila seli inazima X moja na kutumia nyingine, kwahiyo kile cha ndiyo au hapana kinaweza kusema yuko sawa wakati nusu ya chembe zake ni dhaifu.

Sasa kosa kubwa linalotokea sana: mtoto anaanguka na shambulio, mkojo mweusi, anapimwa G6PD palepale, jibu linakuja kawaida, wanafuta wanasema sio hiyo. Kumbe chembe zenye upungufu zimeshapasuka zote, zilizobaki ni changa, na changa zina kimeng'enya kingi. Vilevile akishaongezewa damu unapima damu ya mtu mwingine. Jibu baya wakati wa shambulio ni la kweli, jibu zuri wakati wa shambulio usiliamini, rudia baada ya miezi mitatu hivi. Kwa mtoto mchanga pia chembe nyingi ni changa, kwahiyo jibu la mpakani lirudiwe akikua.

Hospitali ndogo nyingi hawana kipimo, itabidi rufaa ya mkoa au maabara binafsi ya mjini. Ukikosa kabisa na ukoo unajulikana, ishi naye kama anao mpaka upime. Haimpunguzii kitu.

HATUA YA 5: DAWA, NA KILE KIKADI

Dawa ndo zilizofanya hii kitu ijulikane. Wanajeshi weusi wa Marekani walipewa primakwini ya malaria na baadhi wakaishiwa damu, wenzao wakawa wazima, ndipo watafiti wa Chicago wakafuatilia kwa wafungwa wa gereza la Stateville na mwaka 1956 wakatangaza kwamba kilichopungua ni kimeng'enya hiki. Na Afrika tumeshaumia pia, kulikuwa na dawa ya malaria iitwayo Lapdap, ndani ina dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya kuonekana inashusha damu kwa wenye upungufu.

Za kukataa kabisa mpaka daktari anayejua hali yako aseme vingine: dapsoni, ambayo iko kwenye matibabu ya ukoma na pia wanaoishi na VVU wenye aleji ya Septrin huwa wanabadilishiwa hiyo, kwahiyo upimwe kwanza. Primakwini ya siku nyingi na ndugu yake tafenokwini. Methilini bluu, inayotumika hospitali kwa sumu fulani. Rasburikesi, ya wagonjwa wa saratani. Ya kuongea na daktari kwa makini ni nitrofurantoini, na hii naisisitiza kwasababu inaandikwa sana kwa UTI, na huku kwetu kila homa ya mama ni UTI, unaingia duka la dawa unatoka na kopo.

Primakwini ya dozi moja ndogo, ile ya miligramu 0.25 kwa kilo inayotolewa sehemu za kumalizia malaria ili mbu asibebe vimelea, hiyo Shirika la Afya Duniani wanaruhusu bila kupima kwanza. Usichanganye na ile ya siku kumi na nne.

Zilizo salama ndo watu wanaziogopa bure. Dawa mseto ya malaria, ALu, ni salama. Sindano ya atesuneti mtoto akizidiwa, achomwe. Panado kwa dozi yake ya kawaida, salama. Amoksilini salama. Septrin kwenye orodha za zamani imepigwa marufuku, miongozo mipya inasema kwa dozi ya kawaida hatari ni ndogo, mwambie daktari apime faida na hasara, usimwachishe mwenyewe mtoto aliyeandikiwa. Chanjo zote apate. Mjamzito mwenye upungufu mwambie nesi kabla ya kumeza SP, zile dawa za kuzuia malaria kwa wajawazito, mbele yake, ila usiitupe kimyakimya, malaria ya mimba ni mbaya zaidi.

Dawa za kienyeji za kuogeshea na kunyweshea watoto wachanga, mi nasema hapana, kwasababu hakuna anayejua zina nini ndani, hata anayeuza.

Sasa kikadi. Chukua karatasi ngumu, andika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu, "UPUNGUFU WA G6PD" kwa herufi kubwa, namba ya jibu na tarehe, alafu majina ya zile dawa. Muombe daktari akuandikie hayo majina vile yanavyosomeka kwenye maboksi ya dawa, maana muuza dawa atalinganisha herufi kwa herufi. Iwekee nailoni. Piga picha ikae kwenye simu ya mama, ya baba, ya dada anayemlea na ya mwalimu wake. Wa kwangu ana miaka tisa sasa, amejifunza kusema mwenyewe "mimi nina G6PD" kabla hajafungua mdomo kwa kijiko chochote.

HATUA YA 6: CHAKULA

Hii fupi. Kinachokatazwa ni kimoja, zile maharage kubwa bapa za Waarabu zinazoitwa ful. Zina kemikali ambayo tumboni inageuka kuwa kitu kikali kinachopasua chembe, ndani ya siku moja au mbili, na kwa aina ya Mediterania zimeua watoto. Mama anayenyonyesha naye asile. Bongo huzioni sana sokoni ila Muscat, Dubai na kwenye migahawa ya Kiarabu ni chai ya asubuhi, na felafeli za Kimisri zinatengenezwa na ful kwahiyo uliza kwanza. Maharage yetu, kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe, dengu, bajia za kunde, zote ale mpaka ashibe. Zile orodha za mtandaoni zinazokataza kila jamii ya kunde zinamnyima mtoto protini bila sababu.

HATUA YA 7: SIKU MKOJO UKIBADILIKA

Kinacholeta mashambulizi mengi zaidi sio dawa, ni homa yenyewe, nimonia, taifodi, malaria, homa ya ini. Kwahiyo mtoto akiumwa chochote, tazama mkojo. Mwambie akojoe kwenye kikopo cheupe au kikombe cha plastiki cha kuona ndani. Wa njano iliyokolea ni kukosa maji. Wa rangi ya chai ya rangi nzito, au Coca-Cola, ndo huo, hata kama anacheza. Mara nyingi unakuja siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kumeza au kugusa kitu. Angalia na viganja kama vimepauka, macho kama ni ya njano, anahema haraka, moyo unadunda ukimwekea mkono kifuani, analalamika tumbo au mgongo.

Acha dawa mpya uliyompa, lakini kama alikuwa kwenye matibabu ya malaria au nimonia nenda nayo hospitali wabadilishe, usimwache bila tiba. Mpe maji ya kutosha kama anaweza kunywa, njiani pia. Chukua vifuko vya kila alichomeza siku tatu zilizopita, pamoja na kile kikadi. Ukifika sema sentensi moja: mtoto ana upungufu wa G6PD na mkojo umekuwa mweusi tangu saa fulani. Watampima wingi wa damu na figo, na watarudia damu siku zinazofuata maana inaendelea kushuka baada ya kuanza. Akihitaji kuongezewa damu aongezewe.

WAKIKUA

Kijana wako atakapokuwa mtu mzima kuna sehemu moja ambayo hata madaktari wazuri inawapita, kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Kile kipimo kinaangalia sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu kwa muda wote chembe inapoishi. Kwa mwenye upungufu chembe zinaishi muda mfupi zaidi, hazipati muda wa kujipaka sukari, kwahiyo namba inatoka chini kuliko ukweli. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 uliwaona wanaume weusi wa Marekani wenye jeni hii wanatoka na namba ya chini kwa karibu 0.8, na hiyo ni tofauti ya kumwambia mtu wewe mzima wakati ana kisukari. Mjomba wangu mmoja kati ya wale wawili ndo aliishi hivyo, kila mwaka anaambiwa sukari yako nzuri, miguu inakufa ganzi. Mwenye upungufu apimwe sukari ya kawaida, ya asubuhi kabla ya kula, na ile ya kunywa glukosi, asitegemee ya miezi mitatu peke yake.

Akienda kuchangia damu aseme, ili damu yake isije kupelekwa kwa mtoto mchanga. Na akija kupata binti, hilo halina nusu kwa nusu, binti atabeba, kwahiyo kwenye kadi yake ya kliniki iandikwe siku hiyohiyo aliyozaliwa, na atakapoolewa aende nayo.